Chai Kabla ya Upasuaji

Jumanne, usiku.

Mke wangu bado amenuna. Anasema nilimwaibisha hospitalini, hapa mtaani kwetu Satellite, mbele ya daktari aliyekwisha kuvaa glavu.

Binti anayesimamia dawa ya usingizi alimwuliza, kama anayemwita bibi yake, "Shosho, umekula nini leo?"

"Sijala kitu."

Nikasema alikunywa chai ya maziwa. Akina mama wa kanisa walikuja alfajiri kumwombea, wakaleta chai, naye akaona haya kukataa.

"Chai si chakula, Baba Njeri."

"Kwa kazi yangu ni chakula, shosho," binti akasema. "Ukiwa umelala inaweza kupanda kooni, ikaingia mapafuni. Leo hatukupasui."

Daktari alinung'unika. Binti hakutikisika. Zamani, hospitalini humo humo, daktari alikuwa akidunga sindano ya usingizi mwenyewe kisha akipasua, na hakuna aliyekaa kichwani pa mgonjwa kuangalia pumzi zake. Sasa yupo.

Tumepangiwa Alhamisi. Nilihofu kwamba mke wangu hatakubali kurudi, na uvimbe wa shingoni unazidi kumbana.

Sasa hivi ameuliza kutoka chumbani, "Huyo binti atakuwepo?"

"Atakuwepo."

"Basi Alhamisi uniamshe mapema."