Penseli Juu ya Friji

Coon Rapids, 12 Machi 2016

Mdogo wangu Joyeuse,

Bwana asifiwe. Natumaini u mzima na baridi ya huko Crystal haikusumbui. Sisi tuko salama, watoto wanakusalimu. Naandika kwa sababu simu zangu hupokei.

Umenitia aibu. Kesho yake tu baada ya kumzika Mama, nyumba yangu imejaa watu wa matanga, wanawake wako mkekani wanaimba, na wewe binti yake umejibanza pembeni unachora! Mzee Jotham wa kanisa aliniuliza mbele za watu kama una akili timamu. Ndiyo, niliichana ile karatasi, na ningeichana tena. Jumapili usimame kanisani uombe radhi. Bila hivyo, kwangu usikanyage.

Kaka yako mkubwa,
Yaya Kasika

Crystal, 20 Machi 2016

Yaya Kasika,

Salamu kwako na kwa wifi Vestine. Mimi ni mzima wa mwili tu. Moyoni nawaka.

Radhi siombi. Miaka yote Mama aliyokaa kwangu, nilimchora kila asubuhi kabla sijaenda kazini kuhudumia wazee wa watu. Yeye na chai yake kwenye kiti chake dirishani, mimi na penseli. Siku nikichoka na kutaka kuacha, aliniuliza, "Leo hunichori? Kwani nimekufa?" Hilo hukulijua, maana ulikuwa unakuja Krismasi na Pasaka, unakula, unaondoka.

Asubuhi ile ya matanga mkono ulitaka kazi yake. Kiti cha Mama mlikuwa mmekihamishia kwako, na wewe ndiwe uliyekikalia. Nikakuchora wewe. Usiwadanganye watu kwamba uliichana kwa heshima ya Mama. Uliichana kwa sababu ulijiona mchoroni unalia, na Jotham alikuwa nyuma yako anachungulia.

Tangu siku ile sijachora hata mstari. Penseli iko juu ya friji, na kila nikiiangalia nasikia karatasi inachanika. Mama ameondoka, na kile alichoniachia umekiua wewe. Usiniandikie tena.

Mdogo wako,
Joyeuse

Coon Rapids, 4 Septemba 2016

Mdogo wangu,

Hujambo? Kazi zinaendaje? Huku hatujambo. Nakuandikia ingawa ulinikataza.

Bado nina hasira. Jotham nimegombana naye, watoto wananikimbia, na jana nilimfokea Vestine kwa ajili ya chumvi. Akaniambia, "Lia, Kasika, utupumzishe." Siwezi. Tangu matanga sijatoa chozi. Mara ya mwisho nililia kwenye kile kiti, nikaichana karatasi, na machozi yakaishia hapo.

Kuomba radhi sijui, unanijua. Jumamosi asubuhi nitakileta kiti cha Mama. Tukiweke dirishani, unipe chai, tusiongee. Shusha hiyo penseli. Nikianza kulia, usisimame kunibembeleza. Chora.

Kaka yako,
Kasika