Bendera ya Tanuru Namba Tatu

Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mwaka wa nne umeshaingia tangu nitoke nyumbani. Hapa Nanjing bado joto. Kwetu kaskazini watu wameshawasha majiko. Leo hakuna kazi, zege la jana linakauka. Nimelala mpaka mgongo ukachoka kulala.

Adhuhuri Yaqing alipiga simu. Binti yangu anauza miwani ng'ambo ya mto, mji huu huu, lakini tunaonana kama watu wa nchi mbili. Nikajua kuna tatizo. Hapana! Tanuru Namba Tatu wanakuja! Tarehe nane Novemba, kwenye ukumbi wa michezo. Ameshanunua tiketi mbili, viti vya juu, vilivyopakana.

"Si ndiyo bendi yako ya zamani, Baba? Wale wa Theluji ya Kwanza."

Wale wa Theluji ya Kwanza! Niliuma ulimi.

Tanuru wana nyimbo nyingi kuliko nywele zilizonibaki. Theluji waliiimba kwa ajili ya tamthilia ya televisheni, wakavaa na makoti meupe. Mimi nilikuwepo kabla ya makoti. Luan, mwimbaji, alikuwa mwendesha winchi pale tanuru la tatu la kiwanda chetu cha chuma, na mimi nilisukuma mabehewa ya mkaa chini yake. Zamu ikiisha yeye na wenzake walipiga muziki kwenye klabu ya wafanyakazi. Tulikwenda na masizi usoni, kofia ngumu kichwani, spana mkononi. Hatukupiga makofi – tuligonga kofia. Hapo ndipo ulipozaliwa wimbo wa Zamu ya Tatu. Huo ndio wimbo. Ule mwingine ni biashara.

Lakini binti yangu amenikatia tiketi. Nimetabasamu peke yangu kama mwehu.

Jumanne, 14 Oktoba

Kufunga nondo kutwa nzima. Vidole havikunjiki, kalamu naishika kama patasi.

Wakati wa chakula nilimwambia Mi, tunayelala naye chumba kimoja, mtu wa mkoa wa Henan. Nikamwambia Tanuru wanakuja. Akasema hawajui. Nikamwimbia kidogo Zamu ya Tatu. Akasema inafanana na mashine ya kuchanganyia zege. Nikaona haya, lakini nikamtajia Theluji.

"Aaah! Ile! Mke wangu anaicheza kila jioni uwanjani na akina mama wenzake. Wanashika na vipepeo vyekundu vya kujipepea. Unyanyue mguu hivi, halafu hivi."

Akanyanyua na mguu. Mbele ya kikosi kizima! Wakacheka mpaka wali ukawapalia. Toka hapo wananiita Mama Theluji.

Wacha wacheke. Wao hawana bendi iliyotoka kwenye masizi yao.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mvua. Hatukupanda juu.

Dada Chu amenipata kwa simu. Ana duka la tambi upande wa kusini wa mji, ni mtu wa kwetu, zamani alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda. Ndiye mkuu wetu, wapenzi wa Tanuru tulio huku. Akipiga, sauti yake ni kubwa mpaka simu unaiweka mezani.

Mambo yetu yana utaratibu. Hatuketi, tunasimama chini mbele ya jukwaa. Hakuna kuomba Theluji – ikipigwa tunakunja mikono mpaka iishe. Na Zamu ya Tatu huwa wa mwisho, siku zote. Huanza bila gitaa, chuma kinagongwa peke yake gizani. Hapo bendera inapanda. Bendera ya mji wetu, mbele kabisa, Luan aione.

Bendera ya zamani imechanika. Dada Chu akasema, "Kaka Tong, wewe umesukuma mkaa. Ya sasa uishone wewe, na uishike wewe."

Mimi! Kuna watu wamewafuata Tanuru miji ishirini, na hawajawahi kupewa.

Nimepata kitambaa cha ovaroli cha bluu, ile bluu yetu. Nimeanza kushona leo, sindano ya gunia. Sikumwambia kuhusu viti vya juu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Yaqing alikuja. Aliniletea kabichi ya kuchachusha, ya kwetu kabisa, kaipata sijui wapi. Amekonda. Mi akakimbia kutafuta kiti kisafi, akakosa, akageuza ndoo.

Nikamwonyesha bendera. Imebaki herufi za mwisho za jina la mji. Nilitegemea asifu. Akaiangalia, akaniangalia.

"Baba, kumbe na wewe ni mtu wa bendera?"

"Ndiyo!"

"Watu wa bendera ndio wanaotuharibia. Unatoka kazini umechoka, umengoja wimbo wako mmoja mwaka mzima, unapigwa, na wewe unaangalia shuka la mtu."

Nikamwambia bendera si shuka. Nikamweleza klabu, kofia, spana, Luan na winchi yake. Nikamwambia mtu anayekuja kwa wimbo mmoja ni kama mgeni wa harusi anayekula nyama na kuondoka. Nilisema kwa sauti, Mi akatoka nje na mswaki wake.

Yaqing akasema pole pole, "Mimi najua huo mmoja. Ni dhambi? Sikununua tiketi nikawaone wao. Nimenunua tukae pamoja. Lini tumekaa mahali mimi na wewe, tukatazama kitu kimoja?"

Nikampa kabichi ale, kabichi aliyoleta mwenyewe!

Ameondoka na basi la jioni. Hakusema kama amekasirika. Yeye akikasirika husema asante mara nyingi. Leo alisema asante mara nyingi.

Ijumaa, 7 Novemba

Bendera imekwisha. Nzuri! Mi mwenyewe kasema.

Dada Chu kapiga: saa kumi tuwe mlangoni. Yaqing kaandika: tukutane mlango wa kaskazini, Baba, niambie kama huji.

Mtu mmoja, kitambaa kimoja. Nimeamua. Nitaanza juu na mtoto. Zamu ya Tatu ni wa mwisho, kwa hiyo ukikaribia nitashuka ngazi na bendera, nitaishika mbele, nitapanda tena. Kila mtu atapata haki yake. Akili ikitulia hata mfunga nondo huwa hakimu.

Jumapili, 9 Novemba

Sijui nianze wapi. Nianze mlangoni.

Askari wa mlango walichukua ufito wangu wa mwanzi, wa kupandishia bendera. Fito haziruhusiwi. Kitambaa nikakizungusha tumboni, ndani ya koti. Yaqing akasema nimenenepa. Nikasema ndiyo, kabichi.

Juu kumejaa vijana, taa za simu kila mahali. Nyuma yetu msichana anamuuliza mwenzake bendi hii ina watu wangapi. Nikameza mate. Chini nikawaona wenzangu, kofia ngumu zile, Dada Chu katikati na nywele zake za rangi ya karoti, anageuka huku na huku. Ananitafuta. Nikajikunyata.

Taa zikazimwa. Na gizani – ko! Ko! Ko!

Chuma!

Wameanza na Zamu ya Tatu! Hawajawahi! Luan akasema kwenye giza, na ile lafudhi yetu, "Koo langu usiku huu lina wimbo mmoja mzima. Nimeona niwape watu wa zamu kwanza. Mwingine mtanisaidia."

Nikasimama kama aliyechomwa. Ngazi ziko mbali, watu wamejaa njiani. Dada Chu chini mikono mitupu juu, mitupu! Na mbele ya jukwaa hakuna rangi ya bluu hata ya kufutia pua. Basi nikafungua koti. Nikaivuta, nikaivuta, ikatoka yote, nikainyanyua hapo hapo nilipo kwa mikono miwili. Upande mmoja ukaanguka juu ya kichwa cha Yaqing.

"Bendera chini!" Nyuma yetu wote. "Chini! Chini! Mzee, toa hilo pazia!" Kuna aliyenirushia chupa tupu.

Nikamwangalia mtoto. Uso mwekundu. Nikasema haya, nimemwaibisha, nimekwisha. Nikaanza kuishusha.

Yaqing akageuka. Akasimama juu ya kiti. Akatoa ile sauti ya kwetu – miaka yote anaongea kama wenyeji wa huku, kumbe anayo! – akasema, "Mnapigia nani kelele? Huyu ni baba yangu! Huyo anayeimba kaendesha winchi juu ya kichwa cha baba yangu! Theluji yenu inakuja, subirini, simu zenu hazitaoza!"

Akashika pembe ya pili akainyanyua.

Luan akaiona. Naapa aliiona. Alinyoosha mkono juu, upande wetu, na taa kubwa ikafuata mkono wake. Nikawa natazama uso wangu kwenye skrini, mkubwa kama nyumba, na kando yake wa mtoto. Nilisukuma mkaa miaka kumi na moja, hakuna aliyewahi kunimulika.

Aliimba mzima. Koo lilikwaruza lakini mzima.

Baada ya hapo sauti ikawa inapungua wimbo kwa wimbo. Vijana wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema kwenye simu anaimba vizuri zaidi. Kwa hiyo ilipofika Theluji, ya mwisho, nikaogopa. Ule wimbo una mahali pa juu. Luan alifika hapo akafungua mdomo, hakikutoka kitu.

Nilijua watazomea. Waliimba! Wote wa juu, wale wasiojua bendi ina watu wangapi, walijua kila neno. Walimbeba. Luan akashusha kipaza sauti, akasimama akisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Chini wenzangu wamekunja mikono, ndio utaratibu. Mimi niko juu. Mtoto anaimba kando yangu, machozi mpaka kidevuni. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Kumbe nayajua maneno yote!

Njiani nilimuuliza kwa nini alilia. Akasema, "Mama alikuwa akiupiga huo kila ukituambia huji Mwaka Mpya. Anaosha vyombo, anaurudia. Ulikuwa hujui?"

Sikujua. Mimi nilidhani ni wimbo wa kuuzia. Kumbe nyumbani kwangu una kazi.

Jumatatu, 10 Novemba

Nondo. Mikono inauma kwa kushika bendera, si kwa kazi. Maumivu mazuri.

Dada Chu kapiga, simu nimeiweka mezani. "Tumekuona kwenye skrini! Theluji inapigwa, umefungua mdomo kama ndoo!" Amenitoa kwenye kundi letu la simu. Jioni amenirudisha. Anasema bendera juu ilionekana vizuri kuliko chini, lakini nisimwambie mtu kwamba amesema.

Alhamisi, 20 Novemba

Habari imethibitishwa. Tanuru watapiga mara ya mwisho nyumbani, klabu ya wafanyakazi, tarehe saba Februari. Halafu gitaa ukutani.

Kwenye kundi ni vita. Wanataka kumwandikia Luan: nyumbani ni kwa watu wa zamu, Theluji isipigwe, watu wa simu wasije. Wote wanakubali. Wakaniuliza mimi.

Nikampigia kwanza mama yake Yaqing. Nikamuuliza kama angependa kwenda.

Maji yanachuruzika kwenye vyombo. Akasema, "Klabu iko mitaa miwili kutoka hapa. Miaka yote hiyo, Tong Shuhe, nani aliniambia twende?"

Nikaandika kwenye kundi: Nitakuja na watu wawili wa Theluji. Watakaa mbele. Ukipigwa, bendera nitaishusha mwenyewe waone, na nitaimba.

Mpaka sasa hakuna aliyejibu. Hata Dada Chu.

Jumapili, 23 Novemba

Bado kimya kwenye kundi. Mmoja katuma picha ya siki, yaani maneno yangu yamewachachia. Sijali. Nilikuwepo kabla ya makoti meupe, mdomo wa kusema ninao.

Yaqing ameomba ruhusa dukani. Bosi anasema Februari kila mtu nchi nzima anataka miwani mpya ya sikukuu, haiwezekani, atafikiria. Yaqing akamwambia akifikiria vibaya ataacha kazi. Nikamwambia asiache. Akasema, "Baba, nifundishe Zamu ya Tatu, ubeti wa pili unanishinda." Tuliimba kwenye simu, Mi akagonga sufuria.

Msimamizi wa kazi nimeshamwambia nitaondoka kabla ya sikukuu. Kanuna. Amenuna mpaka sasa, yuko nje ya mlango anazungumza na Mi kuhusu mimi, nasikia. Acha anune. Nitafika nyumbani tarehe tano Februari, treni ya asubuhi. Kama kwenye treni tutakuwa mmoja au wawili, mimi na Yaqing, sijui bado.