Msalaba Uliooshwa Asubuhi

Rubavu, Jumapili, 9 Novemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Leo nitakuambia yote bila kupunguza, hata yatakayokuumiza. Kwenye simu siwezi, kwa sababu shangazi husimama karibu yangu na kunikonyeza kila ninapokaribia jambo lenyewe. Kwanza nijulishe, kifua chako kimetulia? Mvua za huko Ngara zimeyaacha salama maharage yako? Mimi ni mzima, ninasoma vizuri, na viazi vya Kanama tunakula hadi tunavichoka.

Mama, kaka Emanueli hakuteguka mguu kwa kuteleza kama ulivyoambiwa. Alipigwa risasi ya paja. Helikopta aliyokuwa akihudumia majeruhi ndani yake ilishambuliwa ikiwa imetua, kule walikopelekwa kulinda amani. Rubani wao alifariki. Kaka alitibiwa hospitalini, kisha akaja kupumzika hapa kwa shangazi. Sasa anatembea kwa mkongojo. Lakini helikopta ikisikika upande wa pili wa mpaka, huweka kijiko chini, na chakula kinaishia hapo.

Zaidi ya hayo sikujua kitu hadi jana. Nilikuwa uani nikisugua viatu vyangu vyeupe vya shule kwa mswaki wa zamani. Kimoja kilikuwa kimeshatakata. Kaka akaja, akaninyang'anya mswaki.

"Viache. Vimeng'aa vya kutosha."

"Kaka, kimebaki kimoja. Mwalimu wa zamu atanirudisha nyumbani."

"Nimesema viache, Vene!"

Hajawahi kunifokea, Mama. Akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa, mswaki mkononi, akaanza kunisimulia.

Helikopta yao haikuwa na bunduki mlangoni. Ilikuwa na msalaba mwekundu ubavuni, juu ya rangi nyeupe, ili kila mtu ajue ni ya majeruhi na asiipige. Kule vumbi ni jingi, ikitua mara mbili tatu msalaba hauonekani tena. Kwa hiyo kila asubuhi mmoja wao huuosha kwa sabuni. Siku ile ilikuwa zamu ya kaka. Aliusugua mpaka ukang'aa.

Walitua kuwachukua askari waliojeruhiwa. Mwanamke akatokea porini mbio, amebeba mtoto aliyeungua, akiunyooshea msalaba kidole kama mtu aliyeona mlango wa kwao. Ndipo risasi zilipoanza. Mwanamke alianguka karibu kabisa na mlango. Kaka akaruka chini kumchukua mtoto, naye akapigwa. Mtoto yuko hai, Mama. Mama yake hakuinuka.

"Ningeliacha lile vumbi," kaka aliniambia, "yule mama asingetukimbilia." Akaugeuza mswaki mkononi, akasema, "Na mtoto angefia porini."

Jioni alikuja rafiki yake Fred, sajini aliyekulia Uganda, akiwa na habari kutoka kikosini. Kuna helikopta mbili zinazorudi kule. Moja itabaki na msalaba wake. Ya pili msalaba utapakwa rangi ya kijani, na bunduki kubwa itafungwa mlangoni. Wauguzi wameulizwa kila mmoja anataka kupanda ipi, na kaka anatakiwa kujibu kabla likizo yake ya ugonjwa haijaisha.

"Panda yenye bunduki, bwana," Fred alisema. "Risasi haijasoma shule. Haijui msalaba."

Shangazi akatoka jikoni na mwiko wake. Unajua bado anasema Kiswahili cha Kongo. "Na hiyo bunduki yako, yenyewe ilisoma wapi? Bunduki inaita bunduki ingine! Bon, kama ingekuwa pale mulangoni, ule mama angekuya? Angekimbia!"

"Angekimbia, na leo angekuwa hai, shangazi. Na sisi tungewanyamazisha wale watu kidogo tu, rubani angewahi kuirusha helikopta."

Shangazi alirudi jikoni, tukasikia mfuniko wa sufuria ukianguka.

Mimi nikasema kwamba shuleni tumefundishwa alama ile inaheshimiwa hata na adui, na kwenye mtihani niliandika hivyo nikapata maksi zote. Fred alicheka, ila si kwa ubaya. "Mdogo wangu, waliotupiga hawakuwa darasani kwenu."

"Mwache," kaka alisema. "Amefundishwa vizuri."

Fred alipoondoka, kaka aliniita. "Mwandikie Mama. Mimi kila nikichagua, namwona yule mwanamke. Mama akisema ipi, nitapanda hiyo."

Leo nimeenda kanisani na kiatu kimoja cheupe, kingine cha kijivu. Mswaki bado anao yeye. Uuguzi bado nautaka, Mama, usidhani nimebadilika.

Nisalimie bibi, umwambie sala zake zinafika huku. Msalimie mjomba Yohana wa mashine ya kusaga, na mdogo wetu Deo, asipande tena juu ya paa. Aliyekuletea barua hii anarudi huku Alhamisi, tafadhali asirudi bila jibu lako. Kaka hatajibu kikosini kabla sijamsomea maneno yako.

Ni mimi binti yako Veneranda, ninayekuuliza: ungekuwa wewe kule porini, na mtoto aliyeungua ni mimi, ungeikimbilia helikopta yenye bunduki mlangoni?