Tochi Iliyomuonyesha Bahati

Mujukuu wangu Furaha,

Tunakusalimia kutoka Ngungu. Mama yako amepona, na maharagi imeota. Unauliza kwa nini tochi uliyounda haiwake. Geuza ile ampule ndogo ya LED, muguu yake murefu iguse plus ya pile.

Nilijifunza vile nikiwa kijana, tukichimba koltani kule Rubaya. Tochi yangu ya kwanza ilipowaka, mudogo wangu Bahati akasema, "Kaka, leta, niingie nayo."

Shimo ikamuangukia. Tulichimba na mikono mpaka tukaona mwangaza mweupe kati ya mawe. Bahati alikuwa amekwisha kufa.

Wenzake walioingia naye hawajaonekana hata leo. Mama yangu, yeye, alipata mutoto wa kuzika.

Malizia tochi yako.

Njo mimi, Koko wako.