Mtani wa Mama Kutoka Jeshini

Jumanne, Mashewa

Na bado nasema: kuokoa watu wa mafuriko ni kazi ya halmashauri, si ya jeshi. Lakini leo maji yamefika kitandani kwa mama, na waliokuja na boti ni wanajeshi.

Mama akagoma kubebwa mgongoni na mwanamume. Nilimsihi, nikamfokea, wapi! Maji yanapanda tu.

Askari akauliza, "Bibi, wewe Mzigua? Mimi Mnyamwezi, mtani wako. Ukizama, mazishi yote yataniangukia mimi, na leo nina kazi nyingi."

"Sura mbaya kama hiyo inizike mimi?" Mama akacheka, akapanda mgongoni kwake.

Jioni nimemwambia mama makala yangu ya kupinga jeshi kupewa kazi ya uokoaji naipeleka gazetini kesho.

"Peleka," akasema. "Ila waambie halmashauri waajiri watani."