Moshi Tuliodhani ni wa Samaki

Mjukuu wangu Zaina,

Salamu kutoka Kasongo. Mama yako amevuna mpunga. Mimi nguvu zinaisha, na kuna safari niliyowaficha. Wewe unayesomea uhudumu wa ndege, unauliza kama mhudumu amsikilize abiria anayesema ananusa moshi.

Zamani, nikiwa mwalimu kijana, nilipanda ndege ndogo; tulikuwa angani harufu ya moshi ilipojaa. Nikamfokea msichana mwenye kikapu cha samaki waliokaushwa kwa moshi: “Dada, samaki yako itatuua!”

“Mwalimu, samaki yangu haiko na harufu ya plastiki. Muite rubani!”

Nikacheka. Mara taa iliyo juu yangu ikatoa moshi mweusi. Niliganda, yeye akakimbia kumwita rubani, rubani akazima umeme, tukarudi salama. Hadi leo nashtuka.

Mimi na marehemu bibi yako tuliwaambia tulikutana harusini. Si kweli. Msichana yule alikuwa yeye.