Uzi Mwekundu Kwenye Kifungo cha Mwisho

3 Machi

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo. U mzima? Sisi huku wazima, ila mwanangu Kibonge anaota jino, anang'ata kila kitu, hata sikio langu.

Samahani naandika kwenye namba ya duka, ndiyo pekee niliyoiona. Kama anayesoma ni mtu mwingine, tafadhali mpe fundi wenu wa mashati ya watoto.

Dada, nimekupata! Miaka mitatu! Siku hizi nipo kwa dobi, napiga pasi. Jana mtoto kalala, mimi napekua simu, nikaona picha ya shati la bluu kwenye ukurasa wa duka lenu. Vifungo vyote uzi mweupe, cha chini kabisa uzi mwekundu. Nikapiga kelele mpaka bosi akadhani nimeungua. Nani mwingine anashona hivyo? Mashati yangu ya shule yote uliyashona hivyo, ukisema mtoto akianzia chekundu hakosei kufunga.

Furaha ikanizidi, nikaandika chini ya picha, kila mtu aone: "Huyu fundi ni dada yangu! Mwambieni nampenda!" Watu thelathini na tisa wameweka moyo.

Nijibu basi, hata neno moja.

Mdogo wako.


4 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Kumbe una mtoto!

Lakini kabla hujamnyonyesha huyo Kibonge, futa ulichoandika. Pale kuna jina la duka na barabara lilipo. Sikuondoka kwa kuwachoka ninyi. Unakumbuka mkono wangu ulipovunjika, nikawaambia nimeteleza bafuni? Sikuteleza. Ni shemeji yako. Na aliniambia hata nikienda wapi atanipata.

Yeye ni rafiki yako kwenye simu, sivyo? Waangalie mmoja mmoja wale walioweka moyo. Usinifiche kitu.

Dada yako.


6 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimefuta palepale. Kujibu ndiko kumenishinda, siku mbili nashika simu naiweka chini.

Shemeji yumo. Ni wa kumi na mbili. Ameweka moyo, tena kaandika "Amina," kama anayeitikia dua.

Nisamehe dada. Mimi nilimjua ni yule anayenipa nauli na kunitania. Hukutuambia, nami sikuuliza.

Nimekwenda kwa fundi simu. Akaishika akacheka: "Mama Kibonge, hii nyumba haina mlango, na mwenyewe umesimama nje unakaribisha watu!" Akauliza namba ya siri. Nikamwambia moja mbili tatu nne, rahisi kukumbuka. "Hata kwa mwizi," akasema. Basi tumekaa mpaka mchana. Orodha ya marafiki zangu sasa haionekani. Namba yangu haionekani. Picha zilikuwa zinasema zimepigwa wapi, tumezima. Shemeji nimemfungia. Picha za mtoto nimezitoa zote, nimebakiza ya ndoo na pasi.

Nikamuuliza, je, aliyekwisha kuona? Hapo hakucheka. Akasema simu inafuta maandishi, haifuti kichwa cha mtu.

Hama, dada. Tafadhali hama. Ukishasoma hii usinijibu, fungasha.

Mdogo wako.


29 Machi

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Jino limetoka?

Namba hii ni mpya, usiihifadhi kwa jina langu. Niliondoka siku ileile. Mwenye duka aliposikia hakuuliza maswali mengi. Picha akazitoa, cherehani akaniambia nibebe, nitamrudishia maisha yakitulia. Amenisimulia kwamba siku mbili baadaye alikuja mwanaume mpole, shati limenyooka, anamtafuta mke wake mgonjwa. Mwenye duka akamwambia fundi pale ni yeye mwenyewe. Jamaa akamtazama mikono, akaenda zake.

Usijilaumu. Wewe ulinitafuta kwa kunipenda. Miaka mitatu nimekuwa mtu asiye na kwao, ukanifanya dada wa mtu tena.

Nataka nikutumie ninapokaa. Ukisema ndiyo, natuma leo.

Dada yako.


30 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Limetoka, na la pili linakuja.

Usitume.

Juzi shemeji alikuja kwa dobi. Kamletea mtoto gari la kuchezea, kaketi kwenye benchi la wateja, sauti ya chini kabisa. "Shemeji, mbona umenifungia? Mimi nataka nimwombe dada yako msamaha tu. Yuko wapi?"

Unanijua, kudanganya siwezi, masikio yanawaka. Lakini nilimtazama usoni nikasema, "Sijui, shemeji." Ilikuwa kweli, basi masikio yakanyamaza. Akabaki pale kwenye benchi, mimi napiga pasi shuka. Bosi akauliza kwa sauti kama huyo ana nguo za kufuliwa au amekuja kupumzika. Akaondoka na gari lake la kuchezea.

Atarudi. Nataka siku hiyo pia iwe kweli. Roho inaniuma, natamani nije nikuone nikulazie huyu mtoto mapajani, atakulowesha. Lakini nisijue mji, nisijue barabara, hata dirishani unaona nini usiniambie. Niandikie tu kama umekula na kama unalala. Hayo yananitosha kwa sasa.

Mdogo wako anayekupenda.


31 Machi

Mdogo wangu,

Nimekula. Nimelala mpaka kukapambazuka, na mlango niliukagua mara moja tu.

Mbusu Kibonge.

Dada yako.